Ndege na wadudu wa porini shambani: wanatusaidia au wanatumaliza?

#1 Jembe la Jioni (mleta uzi)

Habari wakuu. Nina alizeti na mtama, na pembeni mwa shamba kuna ukanda wa vichaka ambao sijaufyeka miaka mingi. Msimu huu ndege wamenipania. Naingia asubuhi nakuta vichwa vya alizeti vimechokonolewa kuanzia ukingoni kuelekea katikati, na chini maganda matupu yametapakaa kana kwamba mtu alikesha pale anatafuna na kutema. Kwenye mtama, masuke ya mistari iliyo karibu na vichaka yamebaki fagio.

Jirani anasema fyeka vichaka, choma, ndege watahama. Mtaalamu mmoja niliyemuuliza akanitolea macho: usithubutu, ndege hao hao ndio wanaokulia viwavi, na humo vichakani ndimo wanamolala nyuki wanaochavusha alizeti yako.

Wote wawili wanaongea kwa uhakika, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuhesabu kitu shambani kwangu. Hivi kuna mtu amewahi kupiga hesabu nzima, kilicholiwa na kilichookolewa, akapata jibu? Mahubiri ya kutunza mazingira nimeshayasikia. Nataka hesabu.

#2 Manati

Fyeka. Hesabu hii hapa: kwelea kwelea mmoja ana uzito wa gramu 20 hivi na anakula gramu 10 za mbegu kwa siku. Kundi la ndege milioni 1, na makundi ya namna hiyo yapo, ni tani 10 kwa siku. Wiki moja tani 70. Nionyeshe kiwavi anayekula tani 70 kwa wiki.

#3 Kobe Mwendo

Naweka kambi hapa. Wajuzi njooni.

#4 Mama Mizinga

Manati, hesabu yako ni nzuri ila umemfungulia kesi mtu ambaye hajatajwa. Mleta uzi kasema ndege, hajasema kwelea. Halafu hizo gramu 10 si za mtama wako peke yake. Chakula kikuu cha kwelea ni mbegu za nyasi za porini. Nyasi zikipungukiwa ndipo wanageukia mtama, mpunga na uwele. Na makinda yao siku za mwanzo hulishwa wadudu, hayaanzi na nafaka.

Jembe la Jioni, ni ndege gani hasa?

#5 Jembe la Jioni

Kwelea hapana. Ni shomoro, kwera wa njano wale wanaosuka viota vya kuning'inia, na njiwa wachache. Kwa kukadiria, mia moja hadi mia na nusu asubuhi. Jioni wanarudi wachache.

#6 Manati

Sawa, si milioni. Lakini mia na nusu kila siku kwa mwezi mzima wa kukomaa bado ni magunia. Mimi nimeshasimama shambani tangu saa 11 alfajiri na manati shingoni, makopo yananing'inia kila kona, utepe unaong'aa kila mstari. Siku tatu za kwanza wanaogopa. Ya nne wanatua juu ya kopo lenyewe wanapumzika. Aliyewahi kusimama hivyo hawezi kuniambia ndege ni rafiki.

#7 Mwalimu wa Zamu

Wachina walishafanya jaribio lako, Manati, nchi nzima. Mwaka 1958 serikali ilitangaza vita dhidi ya viumbe wanne: panya, nzi, mbu na shomoro. Watu walitoka na masufuria na ngoma wakawa wanapiga kelele ili shomoro wasitue, mpaka wanaanguka wenyewe kwa uchovu. Viota vikabomolewa, mayai yakavunjwa. Shomoro wakaisha kweli. Kilichofuata ni nzige na wadudu wengine kujilia wanavyotaka, ikaja njaa iliyoua mamilioni. Mwaka 1960 wakamtoa shomoro kwenye orodha, nafasi yake akawekwa kunguni.

#8 Chumvi Kidogo

Mwalimu, ya orodha ni kweli, ya kunguni ni kweli. Ila usiibebeshe shomoro njaa nzima. Njaa ile ya 1959 hadi 1961 ilikuwa na mizizi mingi: mashamba kuunganishwa kwa nguvu, wakulima kuondolewa shambani kwenda kuyeyusha chuma, viongozi kutangaza mavuno hewa na serikali kuchukua nafaka kwa kufuata hesabu hizo hewa, na hali ya hewa mbaya juu yake. Kufa kwa shomoro kulizidisha tatizo. Hakukulianzisha. Kila nikiona uzi wa ndege hapa nasubiri tu hadithi ya shomoro wa China itaingia ukurasa wa ngapi. Leo imewahi.

#9 Mwalimu wa Zamu

Nimekosolewa, nimekubali. Lakini umeona mwenyewe, waliompima kwa punje alizokula hawakupima wadudu aliokula.

#10 Kobe Mwendo

Mwalimu akikosolewa huwa anajibu kwa "lakini" 😂

#11 Mama Mizinga

Nirudi kwenye alizeti maana hapo nina ushahidi wa macho.

Kile unachokiita ua moja la alizeti ni mamia ya maua madogo yamebanana kwenye sahani moja. Yale "majani" ya njano ya pembeni hayazai kitu, ni tangazo tu. Maua ya ndani hufunguka kwa duara, kuanzia ukingoni kwenda katikati, duara moja baada ya jingine kwa siku kadhaa. Kila ua dogo huanza kwa kutoa chavua, baadaye ndipo sehemu ya kike inachomoza kupokea. Kila ua dogo lililochavushwa ni mbegu moja. Lisilochavushwa linabaki ganda lenye hewa.

Mbegu nyingi za chotara za siku hizi zinaweza kujichavusha kiasi, lakini nyuki wakiwepo punje zinajaa vizuri zaidi. Chukua kichwa kimoja kilichokomaa, bonyeza punje za katikati kwa kucha. Zikibonyea, hapo hakuna ndege wa kulaumiwa.

#12 Jembe la Jioni

Nimetoka shambani sasa hivi kubonyeza. Katikati ya sahani, eneo la ukubwa wa kifuniko cha chupa, zinabonyea. Ukingoni zimejaa, ila ukingoni ndiko ndege wanakokula. Kwa hiyo wananiachia mapepe.

#13 Chumvi Kidogo

Usikimbilie kumlaumu nyuki. Katikati ya kichwa huwa kunabaki mapepe pia kwa sababu ya ukame wakati wa kujaza mbegu, au rutuba ndogo. Mama Mizinga kwa nyuki wake kila ugonjwa una dawa moja.

#14 Mama Mizinga

Sijakataa ukame 😀. Ila fahamu na hili: nyuki wa asali peke yake si mfanyakazi hodari sana. Kuna utafiti wa California uliochapishwa 2006, kwenye mashamba ya alizeti hizo hizo. Nyuki wa porini walipokuwa wengi, nyuki wa asali walisumbuliwa pale walipotua, wakawa wanaruka ua hadi ua badala ya kuganda sehemu moja. Ufanisi wao wa kuchavusha ukapanda hadi mara 5. Na nyuki wa porini wengi hawana mzinga. Wanalala kwenye udongo mtupu, kwenye mashina makavu, kwenye matundu ya vijiti. Yaani kwenye vichaka vyako.

#15 Chumvi Kidogo

Utafiti huo naujua. Yalikuwa mashamba ya kuzalisha mbegu chotara, ambako mistari ya dume na mistari ya jike hupandwa mbalimbali, hivyo nyuki akihama mstari ndiyo faida yenyewe. Kwenye alizeti ya kawaida, ambako kila ua lina chavua yake, usitegemee mara 5. Faida ipo, ila ni ndogo kuliko hiyo.

#16 Majimoto

Nani kaniita? Hakuna? Basi nimejileta.

Mmekazana na ndege na nyuki, chungu mmewasahau. Jina langu nimelipata kwenye miti ya mikorosho. Hawa chungu wekundu wanaoshona majani: wanasimama mstari, kila mmoja kamuuma mwenzake kiunoni, wanavuta majani mawili mpaka yagusane, kisha wengine wanakuja na mabuu mdomoni wanawapitisha huku na huku kama gundi ya bomba, uzi wa hariri unatoka. Nimekaa nikiwatazama mpaka kazi ikanipita.

Mti wenye majimoto, wale kunguni wanaofyonza machipukizi na korosho changa hawakai. Wakulima wa machungwa China walikuwa wanatumia chungu wa aina hii kulinda miti zaidi ya miaka 1,600 iliyopita, wanawahamisha na viota vyao.

Hasara: siku ya kuvuna. Ukipanda mti unashuka bila kutumia ngazi.

#17 Bwana Shamba Mstaafu

Majimoto, malizia hasara zako. Chungu hao huwafuga vidung'ata na wadudu gamba kwa ajili ya ule utomvu mtamu wanaotoa, kama watu wanavyofuga mbuzi. Wanawalinda hata dhidi ya wadudu ambao wangewala. Na wanaposhika doria kwenye maua, hata nyuki huogopa kutua. Mti mmoja, chungu mmoja, ana mkono wa kutoa na mkono wa kunyang'anya.

Nimefanya kazi hii miaka mingi, vijana. Mdudu kuandikwa "mzuri" au "mbaya" kwenye bango ni kwa sababu bango ni dogo.

#18 Banda la Kuku

Mimi niko upande wa Manati. Mnazungumzia mazao tu, njooni kwa wafugaji. Ndege wa porini wakiingia bandani wanakula chakula, wanajisaidia kwenye maji, wanaondoka. Wiki mbili baadaye kuku wanapinda shingo. Kideri. Nimepoteza karibu banda zima namna hiyo. Mafua ya ndege nayo tunajua yanasafiri na ndege wa majini. Kunguru na mwewe sitaji, maana vifaranga nimeacha kuhesabu.

#19 Chumvi Kidogo

Pole sana. Ila kwa kideri, mtuhumiwa wa kwanza huwa kuku wa kununuliwa, viatu vya wageni na trei za mayai zinazozunguka banda hadi banda. Njiwa wana aina yao ya virusi hivyo, ndiyo, na wanaweza kuleta. Ulikuwa umechanja?

#20 Banda la Kuku

Nilichanja mara moja, marudio sikufanya. Msinishambulie.

#21 Manati

Hakuna anayekushambulia, ila shomoro kaachiwa kwa dhamana 😂😂

#22 Mzee wa Mihogo

Kama mleta uzi anataka kisa ambacho hesabu yake ilikuwa kubwa na ya wazi, ni cha vidung'ata vya mihogo, vile vidudu vyeupe kama vumbi la unga. Viliingia Afrika kutoka Amerika Kusini, vikaonekana maeneo ya Kongo mapema miaka ya 1970, vikasambaa mpaka vikatishia zao zima. Dawa haikuwa jibu, nani atapulizia mihogo? Watafiti wakaenda kumtafuta adui yake alikotoka. Wakampata Paraguay mwaka 1981: nyigu mdogo kiasi kwamba ukimwona utadhani ni chembe ya pilipili manga iliyopata miguu. Anataga yai ndani ya kidung'ata, buu linamla mwenyeji wake kutoka ndani. Wakaanza kumwachia Nigeria mwaka huo huo, akasambazwa nchi nyingi, na mashambani mihogo ikasimama tena. Hans Herren aliyeongoza kazi hiyo akapewa Tuzo ya Chakula Duniani 1995.

#23 Kobe Mwendo

Nyigu mdogo kama chembe ya pilipili kapata tuzo kupitia mwakilishi.

#24 Bwana Shamba Mstaafu

Kisa kizuri, ila huyo ni nyigu aliyeletwa baada ya kuchunguzwa kwamba hali kitu kingine. Wasiojua wakisikia hivyo wanadhani kila kiumbe ukikileta kitafanya kazi. Australia mwaka 1935 walileta chura mkubwa wa Amerika ale mbawakawa wa miwa. Mbawakawa wako juu kwenye mmea, chura yuko chini. Hakuwafikia. Akaanza kula vingine vyote, na sumu yake ikaua wanyama waliomla. Mpaka leo wanahangaika naye.

#25 Mwalimu wa Zamu

Na wakati mwingine anayefanana na adui ndiye mfanyakazi. Michikichi ya Malaysia ilikuwa inachavushwa kwa mikono, watu wanazunguka na vumbi la chavua. Mwaka 1981 wakaletewa fukusi mdogo kutoka Kamerun, kazi ya mikono ikaisha. Ukimwona fukusi yule kwenye ua la mchikichi, akili yako yote inakutuma ukachukue bomba.

#26 Msumari

Wakuu, mimi nauliza nje kidogo. Kuna nyuki wakubwa weusi wanatoboa nguzo na kenchi za banda langu. Tundu la mviringo kabisa, kama limepigwa keke, na chini unga wa mbao. Nawamalizaje?

#27 Mama Mizinga

Una pasheni shambani?

#28 Msumari

Ninayo, inazaa vizuri. Inahusianaje?

#29 Mama Mizinga

Ndio wanaoizalisha. Ua la pasheni lina chavua juu, na mdomo wa kupokea uko juu pia. Nyuki wa asali akiingia anapita chini kabisa, mgongo wake haufiki huko juu. Anaiba tu. Huyo mkubwa mweusi mgongo wake ndio unaofikia. Kwenye nyanya na mbilingani pia, anaushika ua anatetemesha kifua mpaka chavua inamwagika. Nyuki wa asali hajui kutetemesha.

Paka nguzo zako rangi au lami. Waachie magogo makavu au mianzi mikavu mbali na banda, watahamia huko.

#30 Msumari

Yaani nawajengea nyumba. Haya.

#31 Manati

Uzi huu ukiisha kila mkulima atakuwa mwenye nyumba na wapangaji wasiolipa kodi.

#32 Mwalimu wa Zamu

Ila wanalipa. Nilisoma kwamba bila wachavushaji asilimia 35 ya chakula cha dunia kinapotea.

#33 Chumvi Kidogo

Mwalimu jamani. Hiyo ni tafsiri mbaya inayozunguka kila mahali. Uchambuzi wa 2007 uliangalia mazao makuu 115. Kati yake 87 yanafaidika kwa kiwango fulani na uchavushaji wa wanyama, na mazao hayo yanabeba asilimia 35 ya uzito wa uzalishaji wa dunia. Kufaidika si kutegemea kabisa. Waliokadiria upotevu wenyewe kama wachavushaji wote wangetoweka walipata kama asilimia 5 hadi 8 ya uzalishaji. Mahindi, mpunga, ngano, na mtama wa mleta uzi, vinachavushwa kwa upepo au vinajichavusha. Kwenye mtama nyuki hamdai kitu.

#34 Mama Mizinga

Hapo kwenye mtama nakubali, sina la kusema. Ila asilimia 5 hadi 8 hizo ni uzito. Zinazopotea ni matunda, mboga na mbegu za mafuta. Huwezi kumpa mtoto ngano kilo moja zaidi ukasema umefidia embe.

#35 Bwana Shamba Mstaafu

Jembe la Jioni, ulipulizia dawa yoyote msimu huu?

#36 Jembe la Jioni

Ndiyo, mara mbili. Vidukari kwenye mtama, ule utando unaonata kwenye majani. Na mara moja viwavi kwenye alizeti ikiwa inaanza kuchanua.

#37 Bwana Shamba Mstaafu

Hapo pa "inaanza kuchanua" ndipo nilipokuwa napatafuta. Ulipulizia saa ngapi?

#38 Jembe la Jioni

Saa 3 asubuhi.

#39 Bwana Shamba Mstaafu

Saa 3 nyuki wako kazini wote. Mapepe yako ya #12 yanaweza kuwa yametoka hapo, yanaweza kuwa ukame kama alivyosema Chumvi Kidogo. Hatutajua. Ila siku nyingine zao likiwa na maua usipulizie, na ukilazimika, iwe jioni jua likizama, kwa dawa isiyokaa muda mrefu.

Na vidukari: ulikagua kwanza kama kuna wadudu kibibi, wale wekundu wenye madoa meusi? Na mabuu yao, yanafanana na mamba wadogo, watu wengi huyaua wakidhani ni waharibifu. Ukipulizia dawa ya kuua kila kitu, vidukari wanarudi ndani ya wiki chache kwa sababu wanazaana haraka. Walaji wao wanachelewa. Indonesia ilijifunza hivyo kwenye mpunga. Kadiri walivyopulizia ndivyo mdudu rukaruka wa kahawia alivyozidi, maana dawa iliua buibui na walaji wengine kwanza. Mwaka 1986 serikali ikapiga marufuku dawa 57 kwenye mpunga kwa mpigo. Mavuno hayakuanguka.

#40 Manati

Mzee kwa heshima zote, mimi nikiacha kupulizia viwavijeshi vamizi wanamaliza mahindi ndani ya siku chache. Hao kibibi nitawangoja mpaka lini?

#41 Bwana Shamba Mstaafu

Kwa kiwavi huyo sina ugomvi na wewe, akizidi kiwango unapuliza. Nimesema kagua kwanza. Sijasema kaa ukisali.

#42 Kobe Mwendo

Mchwa jamani. Mbona hakuna anayewataja? Wamenilalia mahindi chini yakiwa yamekomaa, mistari mitatu.

#43 Chumvi Kidogo

Mchwa nao wana wakili. Australia, kwenye ngano ya eneo kame, waliacha baadhi ya vipande na chungu na mchwa wao, vingine wakawaondoa kwa dawa. Vyenye wadudu vilitoa mavuno asilimia 36 zaidi, matokeo yalitoka 2011. Sababu ni vile vishimo. Mvua inazama badala ya kutiririka, na nitrojeni inaongezeka ardhini. Lakini lilikuwa shamba lisilolimwa kwa jembe, na mchwa wa kule si lazima awe na tabia za wa kwako. Kwako wamelala na mahindi, sitakutukana kwa asilimia 36.

#44 Kobe Mwendo

Asante kwa kutonitukana.

#45 Jembe la Jioni

Wakuu mmenipa mengi ila bado sijapata jibu langu. Naona kila mtu ana kisa chake na kila kisa kina "ila". Hivi siwezi kupima mwenyewe? Nina kipande cha pili cha alizeti niliyopanda kwa kuchelewa, bado haijachanua.

#46 Chumvi Kidogo

Unaweza. Funika baadhi ya mimea kwa nyavu ndege wasiingie, acha mingine wazi, mwisho upime zote. Kwenye kahawa za Kilimanjaro walifanya hivyo, matokeo yakachapishwa 2014. Ndege na popo walipoachiwa kuingia, buni zilizoshika ziliongezeka kama asilimia 9. Wachavushaji walipoachiwa, buni ziliongezeka uzito kama asilimia 7. Faida mbili tofauti zinazojumlishana. Ila kahawa haina ndege anayekula buni kwa wingi kama alizeti yako, hivyo usinakili majibu yao. Nakili njia.

#47 Mama Mizinga

Na tega sikio la usiku pia. Panya je?

#48 Jembe la Jioni

Panya wapo, tena wengi. Nilikuwa nasahau. Baadhi ya vichwa vilivyoangushwa chini nilihisi si ndege.

#49 Mwalimu wa Zamu

Weka kasha la bundi juu ya nguzo. Malaysia kwenye michikichi na Israel kwenye nafaka wanafanya hivyo miaka mingi. Mimi ninalo moja. Bundi hutapika vidonge vya manyoya na mifupa chini ya kasha. Niliroweka kimoja kwenye bakuli, nikakichambua kwa kibanio: mafuvu manne ya panya, meno ya mbele bado yana rangi ya chungwa, na bawa la mbawakawa. Kidonge kimoja tu hicho. Ila ukiweka bundi usiweke sumu ya panya. Atakula panya mwenye sumu atakufa yeye.

#50 Manati

Na kabla hujapima, fanya ya kawaida basi: panda siku moja na majirani ndege wagawanyike, chagua alizeti inayoinamisha kichwa maana ndege anashindwa kukalia, mtama mwekundu wenye ukakasi hawaupendi sana, na vuna mapema ukaanikie nyumbani. Mnaniona mkorofi lakini manati ninayotumia mwisho ndiyo ya bei... ah, manati haina gharama, ila mkono unauma.

#51 Majimoto

Manati ametoa ushauri usio na damu. Andikeni tarehe.

#52 Jembe la Jioni

Wakuu nimerudi. Najua wengi mmesahau uzi. Nilifunika mistari miwili ya alizeti iliyochelewa, miwili nikaiacha wazi. Matokeo haya:

Iliyo wazi: ndege wamekula, kwa macho naona kama robo ya kila kichwa upande wa vichaka, kidogo zaidi ya pale mwanzo. Upande wa mbali karibu hawajagusa.

Iliyofunikwa: ndege sifuri. Viwavi wengi kuliko iliyo wazi, nilihesabu kichwa kwa kichwa. Lakini punje nyingi ni mapepe, mpaka ukingoni. Nimepima uzito baada ya kupura: mistari ya wazi imezidi iliyofunikwa.

Kwa hiyo ndege wamenisaidia?

#53 Chumvi Kidogo

Ulitumia nyavu gani?

#54 Jembe la Jioni

Chandarua. Vya zamani nilikuwa navyo.

#55 Mama Mizinga

Na ulifunika kabla haijachanua?

#56 Jembe la Jioni

Ndiyo.

#57 Chumvi Kidogo

Basi hukuzuia ndege. Ulizuia nyuki. Chandarua kimetengenezwa kisipitishe mbu, nyuki atapitaje? Mapepe yote hayo ni uchavushaji uliokosekana. Viwavi walioongezeka inaweza kuwa ndege hawakuwafikia, au nyigu na walaji wengine hawakuwafikia, au chandarua kiliweka kivuli na unyevu. Umechanganya mambo matatu kwenye mfuko mmoja.

#58 Manati

😂😂😂 Alizeti imelala salama ndani ya chandarua, haikuugua malaria.

#59 Mama Mizinga

Msimcheke, mimi amenifurahisha. Hajapima ndege lakini amepima nyuki bila kujua. Msimu ujao tumia nyavu za matundu makubwa, nyuki apite shomoro asipite, na ufunike mimea mingine baada ya maua kufunga.

#60 Bwana Shamba Mstaafu

Na vichaka? Ulifyeka?

#61 Jembe la Jioni

Nimefyeka nusu, ule upande ulioshikana na mtama. Nusu ya upande wa alizeti nimeiacha. Jirani anasema nimeogopa, mtaalamu anasema nimekosea.

#62 Mwalimu wa Zamu

Na kasha la bundi?

#63 Jembe la Jioni

Niliweka wiki ile ile mliyoniambia. Jana nimepanda ngazi kuchungulia kama kuna vidonge. Nimekuta nyuki wamejenga, masega manne tayari. Nimeshuka haraka kuliko nilivyopanda, jicho moja halifunguki vizuri, ndiyo maana naandika kwa makosa.

#64 Mama Mizinga

Usiwaguse! Nielekeze kasha lina ukubwa gani na tundu linatazama wapi.

#65 Manati

Bundi wa mbawa nne. Panya wanaendeleaje?

#66 Jembe la Jioni

Panya wapo.